Mchumba yuko dago, mimi nataka kwenda Tanga kushona. Yeye anasema nisubiri

BintiBweni

Asalaam aleikum ndugu zangu. Shikamooni wakubwa wote.

Nina miaka 27, ni fundi cherehani. Nakaa Bweni kwa wazazi, na chumba cha kushonea nimepanga ng'ambo, Pangani mjini, njia ya kwenda sokoni. Asubuhi navuka na kivuko, jioni narudi nacho. Nimeposwa na posa imejibiwa. Kilemba cha baba na mkaja wa mama vimetoka, nusu ya mahari nimekabidhiwa mwenyewe, na mshenga ni mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili. Naeleza haya ili asije mtu akaniuliza kama huyo mwanamume ana nia. Nia anayo, na mimi nampenda. Nimempenda tangu nilipokuwa namwona kivukoni alfajiri, ametoka baharini, usingizi umemjaa machoni, ndoo ya samaki kwenye baiskeli, na bado anasimama kumpisha kila bibi kizee akae.

Ni baharia kwenye boti ya mtando. Kwa walio bara, mtando ni ule wavu mkubwa wa kuzungushia, na wao wanavua dagaa usiku kwa taa. Taa inafanya kazi kwenye giza tu. Mwezi ukikomaa, dagaa hawaifuati tena, boti zinakaa pwani. Kwa hiyo sisi tulioshikana na wavuvi maisha yetu yanakwenda na mwezi. Giza likiingia, wanaume wanalala mchana, Magharibi wanashuka diko, pale boti zinapoegeshwa, hela inaingia na mapenzi yanakuwa ya simu. Mbalamwezi ikifika wote wako nchi kavu. Hapo ndipo posa zinapelekwa, harusi zinafungwa, na maneno yote yaliyokuwa yamewekwa moyoni yanatolewa. Mimi naliona hilo hata kwenye meza yangu: madera ya sare za harusi yanaletwa yote kwa mpigo na kila mmoja anataka lake kabla mwezi haujapungua.

Ratiba hiyo ningeiweza. Nimekulia ndani yake, baba yangu naye alikuwa mvuvi. Kinachonisumbua ni dago. Kaskazi ikishatulia, boti yao inafunga safari kwenda kupiga kambi kusini, mara Mafia, mara Kilwa, na huko wanakaa mpaka msimu ugeuke. Sasa hivi yuko Kilwa. Harusi yetu ilikuwa iwe mwezi huu wa Mlisho, kabla ya Ramadhani. Akapiga simu kwamba haiwezekani, tusogeze mpaka baada ya Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija. Nikakubali. Nikauliza sababu, akasema "mambo hayajakaa sawa," basi.

Wapo walioniambia ana mwanamke huko dago. Nimemuuliza moja kwa moja, amenijibu, na nimemwamini. Naomba tusipoteze muda hapo.

Jambo langu ni hili. Shangazi yangu yuko Tanga, Ngamiani. Jirani yake ana chumba kikubwa cha mafundi, wanashona sare za shule na suti za harusi, na baada ya shule kufunguliwa kazi imewazidi. Amesema nije na cherehani yangu au nitumie ya kwake, nilipwe kwa pisi, na jioni anifundishe kukata suti. Kukata suti ndiyo kitu ninachokitamani kuliko vyote. Pangani nashona madera, mashuka, sare chache, viraka. Nawapenda wateja wangu, lakini mtu analeta kitambaa leo, analipa giza lijalo, na giza likiwa baya analipa nusu. Nimefika mwisho wa ninachoweza kujifunza peke yangu.

Na si kazi tu. Nafsi yangu haitulii, na imekuwa hivyo kwa muda mrefu. Wenzangu niliosoma nao wametawanyika, wengine Dar, wengine Maskati kwenye kazi za ndani. Wageni wanakuja Ushongo, maji yakitoka wanapelekwa Maziwe kwenye fungu la mchanga, wanarudi wamefurahi, wanatuambia mji wenu mtulivu sana, mna bahati. Mimi nikiwa juu ya kivuko naangalia linapojengwa daraja. Litakuwa na urefu wa mita 525, na barabara yake itaunganisha Tanga na Bagamoyo kupitia Saadani. Mji huu tuliozoea kuwa mwisho wa njia utakuwa katikati ya njia. Watu watapita hapa kwenda huku na huku, na mimi nitakuwa nimekaa pale pale nawashonea viraka. Wazo hilo linanikosesha usingizi kweli.

Nilipomwambia mchumba wangu habari za Tanga, alinyamaza kwanza. Kisha akasema: "Mwanamke aliyeposwa hahami. Nisubiri nirudi tupange." Mama naye anasema watu watasema nimekimbia posa. Sasa nawauliza ninyi. Yeye anakwenda Kilwa miezi na miezi, anaitwa mtafutaji, anaombewa dua kila Ijumaa. Mimi nikienda Tanga, mwendo wa kilomita 50 hivi, kwa shangazi yangu wa damu, nikarudi kila mwisho wa wiki, naitwa nani? Kuna dada yeyote aliyewahi kuondoka akiwa kwenye posa, na ndoa ikafungwa vizuri? Alimwambiaje mwenzake?

MamaKipumbwi

Waaleikum salaam mwanangu. Umeuliza vizuri na kwa adabu, nami nitakujibu kama ninavyomjibu binti yangu.

Nimeolewa na mvuvi wa dago, na tuna wajukuu sasa. Watu watakuambia tabu ya dago ni upweke. Upweke unazoeleka. Unakuwa na wifi, una mashoga, una watoto, siku zinakwenda. Tabu ni siku anayorudi. Wewe umeendesha nyumba miezi yote hiyo, umeuza mbuzi, umebadilisha shule ya mtoto, umegombana na jirani na mmepatana. Yeye anarudi akidhani nyumba imesimama pale alipoiacha. Anauliza mbuzi yuko wapi. Wiki ya kwanza ndani ya nyumba mnakuwa wageni wawili. Wanawake wengi hapa Kipumbwi ndoa zao zimevunjikia kwenye wiki hiyo, mume akiwa amesharudi salama na zawadi mkononi.

Kwa hiyo hilo la kwenda Tanga mimi naliangalia kwa jicho hilo. Huyo kijana anataka akirudi akukute pale alipokuacha. Hana ubaya, ndivyo moyo wa mtu aliye baharini unavyojishika. Anahitaji mahali pamoja duniani pasipobadilika. Lakini hukuzaliwa uwe hapo mahali. Akizoea kukukuta vile vile sasa, ukiwa mchumba tu, ukishakuwa mke hataweza kukuona umekua.

Nikueleze na hili. Msimu mmoja nilimfuata mume wangu dago. Wanawake tupo huko, watu hawatutaji. Tunachemsha dagaa kwenye mapipa ya maji ya chumvi, tunaanika, wachuuzi wanakuja kununua kwa ajili ya kusafirisha mpaka Kongo. Moshi uliniumiza macho vibaya, na kulala kwenye banda la makuti mvua inanyesha sitaki kukumbuka. Lakini niliona wanavyoishi. Wanaume wanakula ugali na dagaa wale wale wanaowavua, wanalala juu ya nyavu, na usiku wa mbalamwezi wanakaa wanaongelea kwao. Nilikuta mume wangu anawasimulia wenzake mwembe wa nyumbani kwetu. Mwembe! Miaka yote mimi nilidhani akiondoka anatusahau. Tangu hapo sikuugua tena wivu wa dago, na nawaambia mabinti wote: nenda mara moja ukaone, utapumua.

Ushauri wangu: nenda Tanga. Ila usiende kabla hujafika kwa mama mkwe wako. Usimtume mtu, usipige simu. Nenda kwa miguu yako, chukua kitu mkononi, kaa naye jikoni, mwambie mama, nimepata nafasi ya kujifunza kazi, nitakuwa kwa shangazi yangu, na ndoa ya mwanao naitaka. Mkwe akilisikia kwako kwanza, hao watu watakaosema watamkuta anajua tayari.

Na fedha: mzoeshe mapema kutuma kila baada ya mnada, hata kama ni kidogo. Asingoje "hesabu ya mwisho." Hesabu ya mwisho ya dago sijawahi kuiona ikitosha.

Mzee wa Choba

Binti yangu, mimi sikubaliani, na nasema kwa nia njema.

Posa si maneno ya watu wawili. Wazee wamekaa, fatiha imesomwa, nyumba mbili zimefungamana. Mwenzio hayupo, hawezi kukaa kitako na wazazi wako akajieleza. Kuhama yeye akiwa mbali ni kumwachia aibu ambayo hana namna ya kuijibu, na wenzake kambini watapata habari kabla yake, kwa sura mbaya kuliko ilivyo. Pwani hii tangu zamani wanaume walikuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Waliokuja kutoka Arabuni na majahazi walioa humu, wakapeperuka. Zilizobaki zimesimama ni zile nyumba ambazo mwanamke alikuwa nguzo.

Msubiri. Miezi michache haikuzeeshi. Akirudi mfunge ndoa, kisha muombe muhamie Tanga wote wawili. Kule Tanga, diko la Deep Sea, nako kuna boti.

Jarife

Mzee wangu wa Choba nakuheshimu, lakini naomba niseme upande wa baharia maana nimekuwa huko kabla sijaacha na kuanza kuendesha bodaboda.

Dada, umesema aliposogeza harusi alijibu "mambo hayajakaa sawa." Nilipoisoma hiyo sentensi nikajua. Muulize swali moja tu: anadaiwa na tajiri, yaani mwenye boti, kiasi gani?

Nikueleze inavyokwenda. Mabaharia wa boti ya mtando wanaweza kufika 20 na zaidi. Kabla ya safari ya dago, tajiri anawapa kila mmoja fedha za kuachia nyumbani. Hiyo ni deni, inaandikwa daftarini. Mkifika kambini, samaki wakishauzwa mnadani, kwanza yanatoka mafuta ya mashine na ya jenereta, chakula, ushuru. Kinachobaki kinakatwa: sehemu ya boti, mashine na nyavu inakwenda kwa tajiri, na diko nililofanyia kazi mimi hiyo ilikuwa nusu nzima. Nusu nyingine ndiyo ya watu wote hao, na nahodha ana fungu la zaidi. Baada ya hapo ndipo linakatwa deni lako. Giza likiwa zuri unatoka na kitu. Giza likiwa baya, upepo umekaza au maji yanakwenda kasi mno wavu haukai, unamaliza mwezi deni limeongezeka, kwa sababu umekula. Na baharia mwenye deni haondoki katikati ya msimu. Akiondoka, hakuna tajiri mwingine wa diko lile atakayempakia.

Sasa kijana aliyetoa kilemba, mkaja na nusu ya mahari ndani ya muda mfupi, hela ameitoa wapi? Mimi ya kwangu niliitoa daftarini. Sikumwambia mchumba wangu. Baharia atakuambia dhoruba aliyopigwa nayo, atakuambia hata boti ilipozama nusu, lakini deni la mahari yako hatakuambia, kwa sababu anaona akikuambia ni kama anakusimanga.

Ndiyo maana ukimtajia Tanga anasema subiri. Anajua huko utakutana na mafundi, walimu, watu wenye mshahara wa tarehe 25. Yeye hajui hata giza lijalo litampa nini. Hapo anaposema mwanamke aliyeposwa hahami, anachoogopa ni kwamba utafika Ngamiani uanze kuhesabu.

Mimi nakuambia uende. Na umwambie kwa namna hii: "Naenda kutafuta, tulipe wote." Mwanamume akisikia "wote" na akajua unaijua hali yake, kifua kinashuka. Na umpigie wakati wa mbalamwezi, mchana, akiwa amelala vya kutosha. Usimpigie jioni anashuka boti. Baharini mtu anatakiwa awe na akili yake yote.

BintiBweni

Jarife, umenigusa pabaya. Sikuwahi kufikiria mahari yangu imetoka kwenye daftari la mtu. Nitampigia.

Msaidizi wa Sheria

Niongeze upande wa sheria, maana watu wanachanganya uchumba na ndoa.

Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, uchumba ni ahadi. Haukufanyi mke, na hakuna sheria inayomzuia mchumba kuhama mji au kufanya kazi. Kifungu cha 69 kinaruhusu mtu kudai fidia pale ahadi ya ndoa inapovunjwa, na zawadi zilizotolewa kwa kutegemea ndoa zinaweza kudaiwa ndoa isipofungwa. Kwenda Tanga kushona si kuvunja ahadi. Ila ili asije mtu akageuza maneno baadaye, ni vizuri mshenga ajue kwa kauli yako kwamba posa ipo pale pale. Ikiwezekana muarifu mbele ya baba yako.

Pili, cherehani. Kifungu cha 58 kinasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mume au mke. Ulichonunua kabla ya ndoa ni chako. Weka risiti, na mashine utakazonunua Tanga ziandikwe jina lako. Nasema hivi kwa kuwa nimekaa na wanawake wengi kwenye mabaraza ya usuluhishi wakiapa kwamba mashine ni yao bila karatasi yoyote.

Tatu, ukishaolewa, mnachochuma pamoja kinaangukia kifungu cha 114 iwapo ndoa itavunjika. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo zinahesabiwa kuwa mchango. Mke wa mvuvi anayeendesha nyumba peke yake msimu mzima anachangia, hata kama hajashika wavu.

Na kwa kuwa ndoa yenu ni ya Kiislamu: mambo ya kazi na mahali pa kuishi yazungumzwe kabla ya siku ya nikahi, wewe, walii wako na sheikh atakayefungisha. Masharti mnayokubaliana yasemwe wazi. Ni rahisi kuyasema sasa kuliko baada ya mtoto wa pili.

Kutoka Seeb

Mimi ni mmoja wa hao unaowasema walioko Maskati. Nimetokea Pangani hiyo hiyo, shule ya msingi tumepita ile ile pengine.

Shoga yangu, sitakudanganya kwamba ukiondoka nafsi inatulia. Yangu haijatulia. Hapa nina mshahara na chumba chenye kiyoyozi, na usiku nakaa nasikiliza sauti za simu ambazo mdogo wangu amenirekodia pale kivukoni, wapiga debe na wauza karanga, ndiyo nalala. Nilipoondoka nilikuwa na mtu. Hatukupanga chochote, tuliachana na "tutaongea." Tuliongea mwaka wa kwanza. Sasa ameoa, ana watoto, namtakia heri kwa moyo wote.

Ndiyo maana nakuambia: Tanga ni zawadi. Ijumaa jioni unapanda gari, Magharibi uko kwenu unavuka. Mimi nikitaka kumwona mama naomba ruhusa kwa mtu mwingine, tiketi naiwekea akiba, na cheti cha likizo nasubiri. Usije ukakataa Tanga leo kwa ajili ya kumridhisha mtu, kisha roho ikakukaba miaka miwili mbele ukaishia kukubali kwenda mbali kuliko ulivyotaka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu: nilikataliwa Tanga, nikaja Omani.

Mzee wa Choba

Nimesoma yote. Huyo binti wa Seeb amenifanya nifikiri. Sikulitazama jambo hili kwa upande huo, kwamba anayezuiwa karibu huenda mbali. Msimamo wangu wa kumfahamisha kijana na wazee kwanza naushikilia. Lakini akishafahamishwa, na mkwe akaridhia, basi mwacheni aende.

BintiBweni

Shukrani zangu kwenu ni nyingi kuliko ninavyoweza kuandika. Mzee wa Choba, shikamoo tena, na ahsante kwa kurudi.

Nimezungumza naye. Nilifuata neno la Jarife, nikangoja mbalamwezi na nikampigia saa tano asubuhi. Sikuanza na Tanga. Nilimuuliza anadaiwa kiasi gani na tajiri. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akanitajia. Kiasi chenyewe nitakiweka moyoni, ila ni kweli: kilemba, mkaja na ile nusu ya mahari vyote vimetoka daftarini. Giza mbili zilizopita hazikuwa nzuri, kaskazi imevuma kupita kiasi, na nusu ya mahari iliyobaki ndiyo aliyokuwa anaingoja Kilwa. Hakutaka kuja kufunga ndoa na deni la watu juu yake halafu arudi dago akiniacha mke wa wiki moja.

Nililia, nakiri. Kisha nilikasirika, kwa sababu mahari niliitaja mimi, na kama angeniambia ningetaja msahafu na kiasi kidogo, na baba angekubali. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema alitaka nipate kama walivyopata dada zangu. Hapo hasira ikanitoka yote.

Ndipo nikamwambia naenda kutafuta, tulipe wote. Hakusema ndiyo siku hiyo. Alisema atanijibu. Kesho yake alipiga yeye, wenzake nawasikia nyuma, akasema niende, ila kwa masharti yake: nikae kwa shangazi, nisipange chumba cha peke yangu, na nikirudi mwisho wa wiki nipite kwao kumwona mama yake. La shangazi nimekubali, ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo. La mama yake nimekubali kwa furaha. Nami nikaweka langu: nikahi ikishafungwa, kazi ya Tanga inaendelea mpaka nitakapoijua suti barabara, na hilo lisemwe mbele ya walii na sheikh kama alivyoshauri Msaidizi wa Sheria. Amesema tutalizungumza akirudi. Sijapata jibu kamili, na sitajifanya nimelipata. Tunavutana bado, ila sasa tunavutana kwa uwazi.

MamaKipumbwi, kwa mkwe nimefika. Nilipeleka mchele na dera nililomshonea mwenyewe. Tulikaa jikoni kama ulivyosema. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anakuna nazi, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea: yeye alipokuwa msichana aliwahi kupata nafasi ya kazi kwenye shamba la mkonge, ofisini, kwa kuwa alijua kusoma na kuandika vizuri, na alizuiwa. Akasema, "Nenda, na ukijua kukata suti, ya harusi ya mwanangu uishone wewe." Mama yangu alipopata habari kwamba mkwe ameridhia, hakusema tena neno juu ya watu.

Habari ya kumfuata dago msimu ujao nimeiweka akilini. Nataka kuona hilo banda na hayo mapipa kwa macho yangu, hata kwa wiki chache, baada ya ndoa.

Naondoka baada ya kumaliza madera ya harusi mbili nilizokwisha kupokea vitambaa, maana siwezi kuwaacha watu na vipande mezani. Chumba changu cha Pangani nitamwachia binti niliyekuwa namfundisha, aendelee na viraka na mashuka, tutagawana.

Sasa nina ombi moja kwa walioko Tanga. Natafuta mashine ya ovaloki iliyotumika, yenye nyuzi tatu au nne, isiyoruka mishono. Mwenye nayo, au anayemjua fundi mwaminifu wa kuikagua kabla sijalipa, aniandikie humu. Na kama kuna anayejua gari la Ijumaa linalofika Pangani kabla kivuko hakijajaa, aniambie linaondoka stendi saa ngapi.